Somo Lisilosubiri Moto



Sisi wakaaji wa Alimbongo tunaishi kando ya barabara kuu namba 2, na malori ya petroli hutupitia karibu na milango. Kikosi cha wazimamoto hakipo hapa. Lori likianguka, watakaofika kwanza ni sisi wenyewe na watoto wetu.

Tarehe 2 Julai 2010, lori la namna hiyo lilipinduka huko Sange, Kivu ya Kusini. Petroli ikamwagika, watu wakakimbilia kuichota; moto ulipolipuka ukawafikia hata waliokuwa ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Walifariki watu zaidi ya 230. Sachangwan nchini Kenya ilikwisha kuona msiba kama huo tarehe 31 Januari 2009, na Morogoro nchini Tanzania ikauona tarehe 10 Agosti 2019; kila mahali walikufa zaidi ya 100. Tusiharakishe kuwalaumu marehemu. Aliyekosa chumvi na sabuni huona riziki imemwagika barabarani, wala hajawahi kuiona riziki hiyo ikiua.

Wazimamoto waliofundishwa hutenda jambo linalomshangaza mtu mwema: husimama kwanza. Hutazama upepo unatoka wapi, kisha husogea kwa upande wa juu, kwa maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa mitaroni hadi ukutane na mbabula au sigara. Baridi ya mlima wetu haiuzuii. Petroli hutoa mvuke wenye kuwaka hata chini ya nyuzi sifuri. Hawaimwagii maji ovyo, kwani petroli huelea juu ya maji na kusafiri pamoja na moto, hutumia povu. Tangi likishika moto, huwaondoa watu hadi mita 800 pande zote.

Hata wao huona moto wa namna hiyo mara chache, kwa hiyo mazoea ya kila siku hayawatoshi. Tarehe 5 Agosti 1949, katika bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana, Marekani, kiongozi wa kikosi, Wagner Dodge, aliona moto wa nyika ukiwakimbiza. Akawasha nyasi zilizokuwa mbele yake, akalala kwenye majivu, mahali ambapo moto haukuwa tena na cha kula. Akawaita wenzake, hakuna aliyemfuata. Hawakuwa wamefundishwa njia hiyo. Wakafa 13, yeye akaokoka. Neno lake lilikuwa la kweli, ila walilisikia kwa mara ya kwanza moto ukiwa mgongoni.

Je, sisi hatukuyaona hayo? Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao katika nchi yetu ya Beni na Butembo. Kumwosha mzazi aliyefariki ni heshima tuliyolelewa nayo. Ghafla, siku ileile ya kilio, watu waliofunikwa nyuso walituambia tusimguse. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini hii nayo ilikuwamo: agizo la kweli lilifika pamoja na msiba, wala halikuwa na muda wa kueleweka.

Sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba mwanafunzi hashiki somo kwa kulisikia mara moja. Hulishika mkono wake unapolitenda bila kuuliza. Basi tupatane sasa, barabara ikiwa tulivu, jumuiya kwa jumuiya na shule kwa shule: nani atazima mbabula, nani atasimamisha pikipiki mbali, nani atawazuia watu, na kwamba tutakimbilia upande wa juu, upepo ukitupiga usoni. Tuseme pia lililo gumu zaidi: dereva aliyenaswa ndani ya moto atatuita, na upendo utatusukuma kwake. Anayeingia bila maarifa wala vifaa huwaachia wengine maiti ya pili ya kutoa.

Na sisi wazazi tuwaahidi watoto wetu, wakisikia kwa masikio yao, kwamba siku hiyo hakuna atakayewatuma na dumu.