Mzazi akianza kuweweseka, muulize kwanza alizaa siku gani

Katika kazi yangu ya redio, neno hili nalisikia mara nyingi kwenye kambi za wahami: "Mama huyu ameingiwa na pepo." Safari moja lilisemwa juu ya dada yangu mdogo.

Ilikuwa mwaka 2024, magharibi ya Goma, wakati mapigano yalikuwa yamefukuza watu wengi upande wa Sake. Dada alizalia ndani ya hema, akisaidiwa na mama jirani. Siku ya tano alianza kusema maneno yasiyoeleweka. Alimwita bibi yetu aliyekufa zamani. Mikono ilimtetemeka. Mtoto alipolia, aliuliza ni wa nani. Wengine walisema ni pepo, wengine kwamba mabomu yamemuharibu kichwa. Watu wa maombi walitaka afunge siku tatu.

Mama mkwe wake alikataa. Alimpandisha pikipiki, wakaenda kituo cha afya.

Muuguzi hakuanza na kichwa. Aliuliza: Amezaa siku gani? Kondo la nyuma lilitoka lote? Damu inayotoka inanuka? Kisha akagusa tumbo kwa chini, dada akapiga kelele. Kipande cha kondo kilikuwa kimebaki ndani na kuoza. Harufu hiyo dada aliijua tangu siku ya tatu, lakini hema lile lililaza watu nane, wakwe wakiwemo. Aliona haya kusema.

Hospitalini muganga alitueleza kwamba vijidudu vikitoka kwenye tumbo la uzazi na kuingia katika damu, mwili mzima unaugua. Presha inashuka, ubongo unakosa damu ya kutosha, mtu anaweweseka. Walimwekea serumu na antibiotiki, wakasafisha tumbo la uzazi. Siku ya tatu aliomba mtoto wake amnyonyeshe.

Ndugu zangu, katika wiki sita baada ya kuzaa, au mimba ikitoka, muangalie dalili hizi: homa, baridi ya kutetemeka, maumivu chini ya tumbo, uchafu wenye harufu mbaya, akili kuchanganyika. Mpelekeni siku hiyo hiyo, hata homa ikikosekana. Maombi ni mazuri, lakini muombe mukiwa njiani. Na kama ni ugonjwa wa akili, nao una matibabu.

Nanyi waume na wakwe, mzazi apate kila siku mama mmoja wa kuzungumza naye kando, nje ya hema. Haya ndiyo ilikaribia kumuua dada yangu.