Msimu wa Kware Embu na Meru

Mwaka 2013 nilikuwa muuzaji katika agroveti moja mjini Embu. Tuliuza vitu vya kila siku: dawa ya kupe, mbegu za mahindi, chumvi ya ng'ombe, chakula cha kuku. Kware hakuwa na nafasi kwenye rafu zetu. Kwetu alikuwa ndege wa porini, anayekurupuka miguuni mwa mtu akikata nyasi na kutokomea. Tulisikia kwamba Waluo humla, wanamwita aluru na kumnasa kwa mitego. Sisi tulikuwa na kuku wetu, na hatukuona upungufu wowote.

Mwanzoni watu walikuja kuulizia mayai tu. Mtu ana mama mwenye kisukari, mwingine ana mtoto mwenye pumu, na wote wamesikia redioni au kanisani kwamba mayai ya kware yanatibu, tena yamezwe mabichi. Yai moja lilifika shilingi 100 wakati yai la kuku halikuzidi sana shilingi 10. Yai la kware lina uzito wa gramu 10 au 12 hivi. Ukitaka matano yatoshane na yai moja la kuku, utatoa shilingi 500. Na gramu kwa gramu, chakula kilichomo ndani hakitofautiani sana na cha yai la kuku. Lakini nani angesikiliza hesabu hiyo wakati jirani amesimulia jinsi sukari ya mama yake ilivyoshuka?

Baada ya muda swali la wateja likageuka. Hawakuulizia mayai tena, waliulizia vizimba, taa za kutia joto, mashine za kuangulia. Mafundi wa jua kali waliacha kutengeneza madirisha wakashona waya wa vizimba usiku na mchana. Kisha likaja swali la tatu, ambalo kwangu ndilo lililosema yote: "Mna mayai ya mbegu?" Yaani mayai ya kuangua, ili apate vifaranga wa kumuuzia mtu mwingine anayetaka kuanza kufuga. Nilikuwa nikipeleka chakula cha vifaranga kwa wateja wetu wa Chuka na Nkubu, hadi Meru mjini, na kote wimbo ulikuwa huo huo. Walimu walichukua mikopo, vyama vya kina mama vikachanga. Nilipouliza mayai yanauzwa wapi, nilielekezwa kwa mfugaji mwingine. Huyo naye alinielekeza mbele zaidi. Nyanya mmoja wa Nkubu, aliyekuwa akimwangalia mjukuu wake akipanga trei, aliniuliza, "Mwanangu, haya mayai yote yataliwa na nani?" Mjukuu akacheka. Mimi sikuwa na jibu la kumpa.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilikuwa limetangaza kwamba kware ni mnyamapori na kwamba anayemfuga lazima awe na leseni. Nadhani leseni ile ilikusudiwa kuleta utaratibu. Mtaani ilifanya kazi ya tangazo. Kitu kinachoombewa kibali serikalini kinaonekana adimu, na kilicho adimu kinaonekana cha thamani. Watu waliibandika ukutani kama cheti cha harusi. Kichekesho ni kwamba wengi wa ndege waliokuwa vizimbani walikuwa kware wa Kijapani, ndege aliyefugwa na binadamu kwa karne nyingi huko Asia, wala si yule wa nyasi zetu.

Uadimu wenyewe ulikuwa wa kuazima. Yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18, na jike huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba. Chukua majike 10. Kwa mwezi watataga mayai zaidi ya 200. Hata nusu yakiharibika, una ndege zaidi ya mia, na nusu yao ni majike. Kwa hiyo katika miezi mitatu hivi majike 10 wamekuwa 50 au 60, na miezi mitatu mingine wanapita 300. Kuku wa kienyeji angekuwa bado anajiandaa kutaga yai la kwanza. Hakuna mali inayoweza kubaki adimu kwa mwendo huo, hata ikipigwa debe vipi.

Wamarekani waliyaona haya kwa kadi za wachezaji wa besiboli. Zilikuwa vitu vya watoto kubadilishana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wazima wakaanza kuzinunua kwa maboksi na kuzifungia kabatini wakingoja bei ipande. Kampuni zikachapa bila kuchoka, kwa sababu waliokuwa wakinunua walikuwa wengi kweli. Miaka ya 1990 wenye maboksi walipotaka kuuza, walikuta kila mtu ana kadi zile zile. Wao walau walikuwa na bahati moja: kadi haili. Kware 1,000 wanamaliza kilo 20 hivi kwa siku, na gunia la kilo 70 linaisha kabla siku ya nne haijakwisha. Bei ilipoanza kuteleza, mfugaji hakuweza kungoja hata wiki mbili.

Mapema 2014 bei iliporomoka. Yai likashuka hadi shilingi 5, na hata kwa 5 unazunguka nalo na kurudi nalo. Wengine walichinja, wengine walifungua milango ya vizimba usiku ili majirani wasione. Waliopata faida walikuwa wale wa mwanzo: wauza mbegu, watengeneza mashine, waendesha semina za hotelini. Duka letu pia halikuwahi kuuza kama miezi ile.

Linganisha na miraa: mwaka huo huo, tarehe 24 Juni, Uingereza iliipiga marufuku, baada ya Uholanzi kufanya hivyo mwaka uliotangulia. Hilo lilikuwa pigo la kweli kwa wakulima wa miraa wa Igembe na Maua, huko Meru. Hata hivyo mashamba hayakung'olewa. Mizigo iligeuzwa kuelekea Nairobi na Mogadishu, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na mtu anayeitafuna. Uipende miraa au uichukie, ina mlaji. Kware wetu hawakuwa naye, na ndiyo maana ukipita Nkubu leo utakuta vizimba vile vinafugiwa sungura.