Marcinelle: Shimo Linalofundisha Kusikilizana

Ndugu msomaji, mwezi huu tutembee pamoja mpaka Ubelgiji, katika mtaa wa Marcinelle, ndani ya mji wa Charleroi. Ilikuwa inchi ya makaa ya mawe. Ukifika pale utaona minara ya chuma imesimama juu ya mashimo, na magurudumu makubwa juu yake, sawa na ile unayoiona Kipushi. Lakini hakuna mtu anayeshuka tena kufanya kazi. Mugodi huo, Bois du Cazier, ulifungwa mwaka 1967, na tangu 2002 watu wanaingia kutazama na kukumbuka.

Kukumbuka nini? Asubuhi ya tarehe 8 Agosti 1956, watu 275 walikuwa chini ya udongo. Kwenye metre 975, wafanyakazi walikuwa wanasukuma vigari ndani ya kaji, ndiyo kile chumba cha chuma kinachopanda na kushuka kwa kamba. Kigari kimoja kikakwama, nusu ndani, nusu inje. Watu wa chini na wale wa juu hawakusikilizana juu ya alama ya kupandisha. Kaji ikapanda, kigari bado kimetokeza. Kikakata nyuzi za umeme na bomba la mafuta. Moto ukawaka, na hewa iliyoshushwa ili watu wapumue ikawapelekea moshi. Watu 262 wakafa.

Jamaa zao walingojea mlangoni siku nyingi. Tarehe 23 Agosti waokozi walipanda na maneno mawili ya Kiitalia: «Tutti cadaveri», maana yake, wote ni maiti.

Kwa nini Kiitalia? Kwa sababu 136 kati ya wafu walikuwa Waitalia. Tangu mapatano ya 1946, Italia ilituma vijana wake, Ubelgiji ikatoa makaa. Katika shimo lile walikuwa watu wa mataifa 12. Waitalia wengi wa wakati ule walishushwa na mafunzo kidogo sana, tena kwa lugha wasiyoisikia vizuri. Hatusemi lugha peke yake ndiyo iliua. Mafuta na mbao za shimoni zilikuwa pale pia. Lakini yote ilianza na alama ambayo watu hawakuisikia namna moja.

Sisi wa Katanga tunajua jambo hili. Tangu wakati wa Union Minière, Kiswahili ndicho kilichounganisha makabila mengi kazini. Basi wewe kijana, ukiitwa kwenye mafunzo ya usalama, na mwalimu anasema Kifaransa, Kiingereza ao Kichina usichokisikia, usijibu tu «Ndiyo, shefu». Omba arudilie kwa Kiswahili. Kisha wewe mwenyewe urudilie mbele yake: alama ya kusimamisha kazi ni ipi? Njia ya kukimbilia iko wapi? Maski inavaliwa namna gani? Kasike na bote ni vitu vizuri, lakini haviwezi kukuambia saa ya kutoka.

Na ninyi wamama, baba akirudi leo, mumuulize maneno hayo matatu mbele ya watoto. Akishindwa kujibu, asione haya: kesho aulize shefu wake, mbele ya kushuka.