Maneno Yaliyofichika Ndani ya Jedwali

Siku hizi barua na orodha nyingi za vijiji vyetu huandikwa kwa kompyuta. Sisi walimu wa pande za Musoma, Bunda na Butiama twaombwa mara kwa mara kusaidia kazi hiyo: leo orodha ya wanafunzi, kesho ratiba ya mazishi, kesho kutwa hesabu ya michango. Kazi ni njema, na karatasi hutoka safi. Lakini usafi huo una hila moja ambayo yafaa ijulikane: karatasi yaweza kuonekana timilifu, kumbe sehemu ya maneno imebaki ndani ya mashine.

Zamani jambo hili lilikuwa gumu kutokea. Mpiga chapa aliyepanga herufi za risasi aliziona kwa macho yake zile zilizokosa nafasi. Naye aliyetumia taipureta alisikia kengele ikilia alipokaribia ukingo wa karatasi. Kompyuta haipigi kengele. Ikiwa imekwisha kuamriwa kwamba chumba fulani cha jedwali kisiongezeke kimo, itayapokea maneno yote unayoyaandika humo, itaonyesha yanayoenea, na yaliyozidi itayaficha. Hayakufutwa, yapo, ila hayaonekani. Mathalani, liandike jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, mzaliwa wa Butiama, katika chumba chembamba chenye kimo cha mstari mmoja: huenda ukasoma “Mwalimu Julius” tu. Mgeni atauliza, Julius yupi?

Jina la mtu mashuhuri halitapotea kwa sababu hiyo. Mtu asiye na sauti ndiye adhurikaye. Mwaka 2023, katika kijiji kimoja cha Bunda, orodha ya michango ya kujenga darasa ilibandikwa ukutani. Mama mmoja mjane alikuwa ametoa shilingi 10,000, na baadaye akamaliza 10,000 zilizobaki. Karatasi ilionyesha malipo ya kwanza tu, na watu wakaanza kumnong’ona. Akatujia na stakabadhi mbili alizozifunga katika pindo la kanga. Tukamwamkia, tukampa kiti. Akasema, “Walimu wangu, mimi sidaiwi. Someni wenyewe.”

Tukamwomba mwandishi wa kamati atufungulie orodha ile. Tukaweka alama ya kuandikia mwisho wa maneno yaliyoonekana, tukabonyeza kitufe chenye mshale unaoelekea chini. Alama ikazama isionekane tena. Ndipo tukajua kwamba chini pana maneno. Kimo cha safu kilipoachiliwa, neno “Amemaliza” likatokea pamoja na tarehe yake. Mwandishi hakukusudia kumdhulumu mtu; alinakili jedwali la kazi nyingine, ambalo kimo chake kilikuwa kimefungwa ili lipendeze. Orodha mpya ilibandikwa siku ile ile, lakini minong’ono haibanduki upesi kama karatasi.

Basi, dawa yake ni nini? Katika programu ya Microsoft Word, chagua jedwali zima, kisha fungua sifa za jedwali mahali pa safu. Ukikuta kimo kimeandikiwa neno la Kiingereza “Exactly”, maana yake kisizidi wala kisipungue. Weka “At least”, yaani kisipungue, ila chaweza kuongezeka. Katika LibreOffice Writer, tia alama penye “Fit to size”, safu nayo itakua kwa kadiri ya maneno.

Fremu na visanduku vya maandishi vina ugonjwa huo huo. Katika Word, amuru kisanduku kijipanue kwa kadiri ya maneno. Katika Writer, tia alama ya “AutoSize” penye kimo cha fremu. Kama nafasi ya ukurasa hairuhusu, unganisha kisanduku hicho na kingine kitupu, ili yaliyozidi yamiminike humo. Tena, ukiona herufi zimekatwa vichwa, tazama nafasi kati ya mistari. Yaelekea nayo imefungwa kwa “Exactly”.

Wako wanaopunguza ukubwa wa herufi mpaka maneno yote yaenee. Twaona si dawa njema. Orodha ya kijiji husomwa na wazee pia, na neno lisilosomeka kwa udogo lina tofauti gani na lililofichwa? Ni afadhali kutumia karatasi ya pili.

Tena, asitegemee mtu kioo cha kompyuta peke yake. Nakili jedwali lote ukalibandike katika ukurasa mtupu kama maandishi matupu, pasipo mistari ya jedwali. Hapo yaliyofichika hutokea yote. Kisha chapisha karatasi moja tu, uilinganishe na daftari la mkono, jina kwa jina, kabla ya kuchapisha nyingi na kupiga mhuri. Na kama ni orodha ya fedha, mwite hata mmoja wa walioandikwa humo, asome mwenyewe mstari wake kabla haujasomwa na kijiji kizima.