Mchanga wa Kaiti na Watoto wa Wote

Mtu aliyepata kukaa Wote kabla ya mwaka 1992, akirudi leo, itambidi atafute wa kumwonyesha njia. Katika mwaka huo wilaya ya Makueni ilikatwa kutoka Machakos, na Wote, iliyokuwa soko la wakulima, ikafanywa makao makuu. Maofisa wakaja, na kwa kuwa maofisa hawalali chini ya miti, waashi wakaja pamoja nao. Mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi chini ya Katiba ya 2010, ujenzi ukazidi, na nyumba za ghorofa zikasimama mahali palipokuwa na mbaazi na kunde. Kitui haikugeuka kwa ghafula namna hiyo, maana ilikuwa kituo cha serikali tangu zamani za Waingereza, na watu wake walikwisha kuzoea kuona bendera na makarani. Lakini watoto wa pembeni mwa Wote hawakwenda mjini. Mji ndio uliowafuata nyumbani.

Mmoja wao alizaliwa katika miaka ya 1980, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka sokoni. Siku yake, kama ya wenzake wote, ilianza mtoni. Mto Kaiti, ambao humwaga maji yake katika Thwake, nao Thwake katika Athi, hautiririki mwaka mzima. Mvua ikinyesha huja kwa kishindo, mwekundu, ukibeba magogo na pengine mbuzi wa watu. Baada ya siku chache huwa uwanja mrefu wa mchanga tu. Mgeni akiuona husema umekufa. Mwenyeji anajua kwamba maji yamelala chini, mahali jua lisipoyafikia.

Mtoto huyo alifundishwa na nyanya yake jinsi ya kuyaamsha. Huchimbi popote. Hutafuta upande ambao mto umepinda, karibu na mwamba, ukachimba kwa mikono mpaka kina cha mkono wa mtu mzima, kisha ukangoja. Maji ya kwanza hutoka na rangi ya maziwa, nayo ni ya mbuzi. Ya pili huwa safi, ukayateka kwa kata ya kibuyu, polepole, maana ukifanya haraka kingo zitaporomoka na kazi yote itaanza upya. Mitungi ikijaa hufungwa juu ya punda, na punda ataondoka atakapopenda yeye.

Tena mto ulikuwa na sheria zake, ingawa hazikuandikwa na karani yeyote. Kisima cha kila jamaa kilijulikana. Wanyama walinyweshwa upande wa chini, wala si juu. Hakuna aliyefua nguo kwa sabuni karibu na mahali pa kuteka. Jioni kila kisima kilizibwa kwa matawi ya miiba, na mtoto aliyesahau kukiziba aliamshwa usiku ule ule akaenda kuiweka. Watoto waliiogopa adhabu hiyo kuliko fimbo, kwa sababu ya fisi.

Shuleni pia kila mmoja alikwenda na daftari mkono mmoja na kidumu cha maji mkono wa pili, ili maji hayo yanyunyizwe darasani, vumbi litulie. Walicheza mpira wa makaratasi papo hapo mchangani, nao ulikuwa uwanja bora kuliko wa shule, kwani aliyeanguka hakuchubuka. Usiku walikula muthokoi, na nyanya akawasimulia ukame wa mwaka 1961, wakati chakula kilipoletwa kwa ndege, hata wazee wakaiita njaa ile kwa jina la ndege. Mwisho wa mwaka uo huo mvua zikanyesha kwa nguvu nyingi mno, zikaleta mafuriko. Watoto walicheka waliposikia hayo. Mvua za El Niño za 1997 zilipofika, hawakucheka tena.

Mji ulipoanza kukua, ulihitaji mchanga. Hapana ukuta wa mawe usiotaka mchanga, na Kaiti ulikuwa karibu. Mwanzoni walikuja watu wenye mikokoteni, hakuna aliyewajali. Kisha yakaja malori, kwanza mchana, baadaye usiku. Vijana wa kijiji wakachukua mabeleshi, wakapakia, wakalipwa taslimu, jambo ambalo mahindi hayakupata kuwafanyia. Kaka yake mtoto huyu alikuwa miongoni mwao. Karo ya shule ya upili ya mdogo wake ilitoka katika mchanga huo, muhula baada ya muhula, na si haki mtu aliyesomeshwa hivyo awaite wapakiaji wezi. Wengi wao walikuwa na wadogo wa kusomesha.

Lakini visima vikaanza kuzama. Palipotosha mkono, pakahitaji kimo cha mtoto. Kisha mtu mzima akaingia ndani akapokewa ndoo kwa kamba. Siku moja mabeleshi yakagonga mwamba. Mto uliobakiwa na mwamba mtupu hauwezi kuweka akiba: mafuriko hupita juu yake kama juu ya bati, na kesho yake hapana kitu. Ndipo wanawake wa upande ule walipoanza kwenda mbali zaidi, wakipita mbele ya nyumba mpya ambazo kuta zake zilijengwa kwa mchanga uliokuwa ukiwawekea maji.

Serikali haikunyamaza. Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, na mwaka 2018 Kitui ikapiga marufuku kusafirisha mchanga na makaa nje ya kaunti. Huko Kitui palikuwa na mfano mwingine mwema: tangu miaka ya 1990 chama cha SASOL, pamoja na wanakijiji, kimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga, yaani kuta fupi zinazokingama mto wa msimu ili mchanga urundikane nyuma yake na maji yakae ndani. Kazi hiyo haina sifa kubwa kama bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 penye mpaka wa kaunti hizi mbili na kukusudiwa kupita mita 80 kwenda juu. Lakini ukuta mfupi watu waweza kuujenga wenyewe kwa mwethya, kila mtu na jiwe lake.

Mtoto yule sasa ni baba wa watoto, na nyanya amezikwa shambani, chini ya mwembe. Shamba ni ekari mbili tu zilizosalia, na limezungukwa na ua za watu wengine. Madalali hufika karibu kila mwezi. Wanasema ekari moja hutoka ploti nane za futi 50 kwa 100, na kweli hesabu yao si mbaya. Kaka anataka kuuza, kwa kuwa mgongo wake umechoka na wanawe wako chuoni. Mdogo, aliyesoma kwa jasho la mgongo huo, hana neno la kumpinga. Wanapokutana Jumapili hunywa chai kwa mama yao na kuzungumza habari za mvua.

Mwaka huu mama amekubali robo ekari iuzwe. Ameweka masharti mawili. La kwanza, mwembe usiguswe. La pili, njia ya kuteremkia mtoni, ambayo haimo katika ramani yoyote, iachwe wazi kwa upana wa punda wawili wanaopishana na mizigo yao. Kaka alimwambia kwamba siku hizi bomba limefika na hakuna aendaye mtoni. Mama akamwuliza bomba hilo lilitoa maji mara ngapi juma lililopita. Mpimaji ameandika mita 6, na alama za saruji zimekwisha kuchimbiwa.