Uso Usio na Nyusi

Kinyago kilichoninyima usingizi nikiwa darasa la sita kilinunuliwa kwa chini ya dola 2. Nilikuja kujua hilo mwaka jana, na wala sikuwa natafuta habari za filamu. Nilikuwa natafuta habari za Baba.

Lakini wacha nianze na kibanda cha video, Nakuru. Unalipa shilingi tano, gunia linashushwa mlangoni ili mwanga usiingie, mnabanana kwenye benchi. Siku hiyo ilikuwa Halloween. Jamie Lee Curtis amesimama mlangoni pa chumba analia, nyuma yake giza tupu, halafu lile giza likaanza kuwa na uso. Michael Myers haruki, hapigi kelele. Taa inaongezwa pole pole tu, na weupe unatokea. Nyumbani sikulala. Nilipomweleza Baba sababu, aliinua nyusi moja.

Nyusi za Baba ndizo zilikuwa serikali ya nyumba yetu. Hakuwahi kutuchapa. Moja ikipanda, ujue umeonekana. Zikikutana katikati, tafuta kazi ya kufanya haraka. Zikipanda zote mbili, kuna mzaha unakuja, na yeye ndiye atakayeucheka kwanza.

Kwa hiyo nilipoacha kazi ya kuajiriwa nikafungua studio yangu ya picha, nilienda kumwambia huku nikizitazama. Hazikusonga. Nikamweleza kuhusu kamera, kodi, wateja wa harusi. Aliniangalia tu, hapepesi macho, kama mtu anayeangalia ukuta. Nikajua amenidharau. Ziara iliyofuata, vile vile. Mimi nami nina kiburi, nimekirithi kwake, basi nikaanza kutuma pesa kwa M-Pesa badala ya kwenda. Krismasi nilipompeleka binti yangu, alijificha nyuma ya miguu yangu akakataa kumsalimia. "Guka anataka kutuchapa?" akaniuliza.

Ni mkono uliotufumbua macho, haukuwa uso. Ulianza kutetemeka, Mama akampeleka hospitali, na daktari akasema ni Parkinson. Akatueleza kwamba ugonjwa huu hukaza misuli ya uso pia, hata kupepesa macho hupungua, na kwamba madaktari huita hali hiyo uso wa kinyago. "Msimsome usoni," alituambia. "Muulizeni."

Usiku huo niliandika hayo maneno kwenye simu, na si unajua intaneti, unatafuta ugonjwa unaletewa sinema. Nikajikuta nasoma habari za Tommy Lee Wallace na mkasi wake.

Mwaka wa 1978 John Carpenter na Debra Hill walikuwa wakipiga filamu yao California kwa dola kama 300,000, ambazo kwa Hollywood ni pesa za chai. Hadithi ilikuwa ya majira ya vuli nao walikuwa majira ya machipuko, kwa hiyo majani yalipakwa rangi, yakamwagwa barabarani, kisha yakaokotwa yatumike tena. Nick Castle, rafiki wa Carpenter, alilipwa dola 25 kwa siku kuvaa kinyago na kutembea. Maandishi ya filamu yalitaka sura ya kawaida ya mwanamume, iliyopauka, isiyo na hisia. Wallace, aliyesimamia mandhari, alienda duka la vifaa vya mazingaombwe akarudi na vinyago viwili vya mpira. Kimoja kilikuwa cha mchekeshaji wa sarakasi. Cha pili kilikuwa cha Kapteni Kirk wa Star Trek, yaani uso wa William Shatner, shujaa wa televisheni aliyependwa na watoto wa nchi nzima.

Wallace akang'oa nyusi. Akatoa sharafa. Akapanua matundu ya macho, akapulizia uso mzima rangi nyeupe, akazivuruga nywele. Cha mchekeshaji kilipojaribiwa, kilitisha kiasi. Alipotokea na cha Kirk, hapakuwa na haja ya mjadala tena.

Wahenga wanasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hawa kiliwatisha. Wallace hakuongeza pembe, wala meno, wala damu. Alitoa tu vile vitu vidogo ambavyo mtu hutumia kukuambia yuko upande wako, na Shatner akabaki humo ndani bila mtu kumtambua. Niliisoma sehemu hiyo mara tatu, nikazima simu.

(Kinyago kile kile kilivaliwa tena kwenye filamu ya pili, 1981. Dick Warlock, aliyekivaa, amesimulia kwamba Hill alikuwa amekihifadhi chini ya kitanda, na moshi wa sigara ukakigeuza manjano. Hofu yangu yote ya utotoni, chini ya kitanda cha mtu.)

Sasa kila Jumapili ninaenda kumnyoa Baba, kwa sababu mkono wake hauwezi tena wembe. Namfunga taulo shingoni, nampaka povu. Siku moja, uso wake ukiwa mweupe mzima, nikaanza kumsimulia kisa hiki ili tu nisikae kimya: duka, dola 2, Kirk, rangi. Nilipofika kwenye sharafa nilikuwa nazinyoa zake. Alikuwa anaangalia mbele, na kwa mazoea ya zamani nikafikiri hanisikilizi.

Sauti yake siku hizi iko chini, lazima uiname.

"Nyusi usiguse," akasema.

Nikasimama na wembe hewani, nikamtazama. Usoni hapakuwa na kitu. Lakini chini ya taulo, tumbo lilikuwa linatikisika.