Vidole kwenye Pazia

Kimya changu kimezidi, najua, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimehama nchi. Sijahama. Nilikuwa Karatu wiki nzima kwa kazi ambayo hakuna mhariri aliyenituma na wala hailipi: kuwapiga picha kidato cha nne.

Ilianza na simu ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu. "Kaka, shikamoo. Mahafali yetu ni Jumamosi ijayo. Uje na ile kamera ya kazini." Nikamwambia kamera ya kazini ni ya kazini. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwani mimi si kazi?" Basi bwana, mjadala ukaishia hapo. Alhamisi nikapanda Noah pale Arusha, nimebanwa kati ya mama mwenye kuku na kijana aliyelala begani kwangu kuanzia Makuyuni mpaka tumepanda mlima wa Mto wa Mbu.

Kwa mliosahau (au mliosoma kwa raha zenu mjini), kidato cha nne ana picha mbili. Ya kwanza ni paspoti ya usajili wa mtihani wa taifa, inayopigwa mwanzoni mwa mwaka. Hiyo haina mchezo: huchekeshwi, hupambwi, unaambiwa "angalia hapa" na imeisha. Ya pili ni ya mahafali, Septemba au Oktoba, kabla ya mtihani wa Novemba. Hiyo ni ya kusimama, kuanzia utosini mpaka viatuni, na ndiyo inayokwenda ukutani sebuleni. Marekani nao wana jambo kama hili, tena wao wanalifanya kwa fujo. Mtoto wa mwaka wa mwisho anachagua nguo tatu nne, anapelekwa shambani au ziwani, anashika gitaa au mpira, mzazi analipa pesa ndefu, na picha moja inaingia kwenye kitabu cha shule cha mwaka huo. Sisi kitabu hatuna. Tuna ukuta wa mama.

Ijumaa jioni nyumbani kwetu palikuwa kama dobi. Walikuja wenzake wawili, na nguo zao kwenye mifuko ya plastiki migumu ile ya kuuziwa. Mashati meupe yameloweshwa tangu asubuhi kwenye maji yenye bluu, sketi zimekunjwa marinda moja moja kwa vidole kabla pasi ya mkaa haijapita. Mama anapuliza majivu nje ili yasidondokee shati. Mimi nimekaa kwenye kigoda natoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Viatu msivipake dawa leo, nawaambia, pakeni kesho mkishafika, maana vumbi la Karatu la Oktoba halina adabu, ni jekundu na linapanda mpaka kwenye soksi. Usoni msijipake mafuta mengi, mtang'aa kama sufuria. Na mkisimama msijikaze kama mko paredi.

Kuna moja nililiwaza sana ila sikuwaambia: shati jeupe na uso mweusi. Ukiiachia kamera ipime mwanga yenyewe, mara nyingi inalifuata shati, na uso unabaki giza. Mtoto ana macho mazuri, anacheka vizuri, lakini kwenye picha unaona kola na meno. Na hili halikuanza kwetu. Kwa miaka mingi maabara za filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley, na rangi ya ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi ya kila mtu. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana. Kwa hiyo ukiona picha za shule za wazazi wako wote wamekuwa wino, usimlaumu mpiga picha wa mtaani peke yake. Dawa yake ni kupima mwanga usoni, sio kwenye shati, na shati likizidi weupe kidogo liache.

Tuendelee. Wakati pasi inapita kwenye tai, nikamuuliza mdogo wangu, "Hiyo ni yako?" Akanishangaa. "Kaka, kila mtu ana yake."

Hapo ndipo nilipokosa raha.

Sisi ndio wale wa 2012. Najua mnatukumbuka. Matokeo yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa na sifuri, Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa, yakachakatwa upya. Lakini kabla ya aibu hiyo ya taifa tulikuwa na yetu ndogo: darasani kwetu tai zenye hali ya kutazamika kwenye picha hazikufika tatu. Mpiga picha wa mjini alikuja shuleni na kamera yake na kitambaa cha bluu, akakipigilia ukutani nyuma ya darasa. Tukapanga mstari. Anayetoka anavua tai, anayeingia anavaa. Tai ya kijani yenye mistari ya njano, fundo halifunguliwi, unaipitisha kichwani kama kamba ya ndama. Ukizikusanya paspoti zetu zile leo utaona shingo thelathini na kitu na fundo lile lile.

Baada ya paspoti jamaa akatoa mfuko mwingine. Alikuwa na pazia lenye mandhari: milima yenye theluji, ziwa la bluu, kibanda cha mbao chenye bomba la moshi. Fikiria, tuko nusu saa kwa gari kutoka geti la Lodoare, watu wanatoka Ulaya kuja kuona bonde letu, na sisi tunapigania kusimama mbele ya Uswisi ya kitambaa! Picha ya kusimama ilikuwa shilingi 2,500. Paspoti nne, 2,000. Mama alikuwa amenipa 5,000 zote na kuniambia, "Nataka yako ya ukutani."

Nilikuwa na rafiki, tulikaa dawati moja tangu kidato cha pili. Kwao Endulen, ndani ya hifadhi. Kijana mwenye maneno. Alikulia kwenye njia ya watalii, anachunga, magari yanasimama, vioo vinashuka, kamera zinalia. Alikuwa akisema, "Mimi nimepigwa picha na watu wengi kuliko Rais, ila sina hata moja." Tulikuwa tunacheka mpaka walimu wanatugombeza.

Siku ile alinivuta pembeni. Hela ya kwao ilikuwa haijafika. Akaniomba elfu mbili ya paspoti, angerudisha mwisho wa mwezi. Nikamwambia nina ya paspoti yangu tu. Nilisema hivyo huku nimeukunja mkono kwenye mfuko wa suruali, nimeishika elfu tatu iliyobaki.

Dakika kumi baadaye nilikuwa nimesimama mbele ya milima ya theluji. Upepo wa alasiri ukaanza, pazia likawa linapepea kama bendera, na mpiga picha akaita mtu wa kushika upande mmoja. Aliyekwenda kushika ni yeye. Hakusema neno. Hakuuliza hiyo 2,500 imetoka wapi. Alishika mpaka wote wenye hela tukaisha.

Jioni ile aliondoka kwenda kwao, akidandia lori. Alirudi baada ya siku tano. Mpiga picha hayupo, fomu zimeshakusanywa. Akatafuta studio mjini mwenyewe, na usajili wake ukaingia na faini ya kuchelewa. Baba yake aliuza mbuzi. Alinihadithia hayo kama mtu anayehadithia habari ya hali ya hewa. Siku ya mahafali hakuonekana kabisa, alikuja kufanya mtihani tu. Akafaulu kunishinda.

Kwa nini nayasema leo? Kwa sababu mwezi uliopita alinitumia ujumbe. Familia yao ni miongoni mwa zilizohama Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, katika uhamishaji ulioanza Juni 2022. (Habari ya uhamishaji ule ina mabishano yake makubwa na nimeshaiandika kazini, leo siiingizi hapa.) Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Mzee wa dawati, mwanangu yuko darasa la pili, anabisha kwamba mimi sikuwahi kuvaa sare. Ya kwenye cheti anasema ni mjomba. Una picha yangu yoyote ya sekondari?"

Nikamjibu ngoja nitafute. Nilijua nilichonacho. Kipo ukutani kwa mama, juu ya kabati la vyombo, kwenye fremu yenye maua. Nimesimama na tai ya kuazima, kifua mbele, Uswisi nyuma yangu. Na upande wa kushoto, pembeni kabisa, kuna vidole vinne vimelishika pazia, na kipande cha mkono wa sweta. Kila mgeni akija mama anaeleza, "Huyu ndiye mwandishi," na kila mara kuna anayeuliza huyo aliyeshika pazia ni nani. Mimi huwa najifanya sijasikia.

Jumamosi asubuhi, kabla ya mahafali kuanza mchana, tulipanda juu. Wazazi wanane walikuwa wamechanga gari na viingilio, mwalimu mmoja akakubali kufuatana nasi, na lengo lilikuwa picha pale mtazamo wa kwanza, kreta ikiwa nyuma. Nimewaambia watoto wa sasa wana akili! Ila ukingoni pale ni zaidi ya mita 2,200 na asubuhi ukungu haumjali mtu wa mahafali. Tulifika tukakuta nyuma ya ukuta ni maziwa matupu. Wanane wanatetemeka, wamebishana kama wavue masweta au la, wameamua wavue, wamejuta. Tulisubiri zaidi ya saa nzima. Halafu ukungu ukaanza kuchanika kutoka chini, likaonekana ziwa Magadi linang'aa, msitu wa Lerai, na tambarare yote ile mita 600 chini yetu. Hata mimi niliyezaliwa jirani nilinyamaza.

Nikaanza kupiga. Nusu ya kazi, magari ya watalii mawili yakasimama, wakashuka watu na wao wakaanza kuwapiga wanafunzi. Hawakuuliza. Mmoja wa wasichana, ambaye kwao ni Nainokanoka, aligeuka mara moja akawapa mgongo na kujifunika uso kwa sweta. Wenzake wakacheka, mdogo wangu akasema kwa sauti, "Waambie walipe!" Yule binti hakucheka. Alisubiri waondoke, akajifuta, akakaza tai, akaniambia, "Sasa nipige mimi. Na unitumie kabla hujalala." Nilimpiga kumi na moja. Ya tisa ndiyo yenyewe, ameinua kidevu kidogo, mwanga umemkaa usoni vizuri, na shati limezidi weupe, liache.

Tulipokuwa tunashuka nikamuuliza mwalimu kama kuna watakaokosa picha leo. Akasema wapo sita saba, elimu ni bila ada tangu 2016 lakini picha ni ya mtu mwenyewe. Mchana, sherehe ikiendelea, nilikwenda nyuma ya bwalo na mdogo wangu akawa ananiletea mmoja mmoja. Walikuwa tisa. Ukuta mtupu wa rangi ya krimu, hakuna upepo, hakuna pazia. Zimeshasafishwa mjini na mwalimu anazo. Sioni kama elfu mbili ile imerudi, msinipigie makofi.

Usiku nikaishusha fremu ya mama ukutani, nikaipiga picha ile picha, nikamtumia Msomera. Nikaandika chini yake: "Nina hii tu. Wewe ni hivyo vidole. Na siku ile hela nilikuwa nayo."

Nilikaa kitandani na simu mkononi kama mtu anayesubiri matokeo ya 2012. Jibu likaja saa tano kasoro. "Nilijua. Wakati unatoa hela ya paspoti niliiona noti ya elfu tano. Mtoto nimemuonyesha vidole, anasema hata hivyo bado haamini." Na vicheko vitatu.

Nikampigia. Tuliongea mpaka salio likakata. Anasema Desemba anakuja Endulen kumuona mjomba wake aliyebaki, na atapita Karatu na mwanawe. Nimemwambia aje na shati jeupe, kamera nitaiomba kazini. Mama akadakia kutoka chumbani kwamba na yeye fremu anayo.

Kinachokosekana ni tai. Shule ilishabadilisha rangi, na ya mdogo wangu haifanani kabisa. Kwa hiyo wadau wa Karatu, Rhotia, Oldeani, Mang'ola na popote mlipo: kama kuna mwenye tai ya kijani yenye mistari ya njano ya miaka ile, hata iliyochakaa, hata yenye fundo lisilofunguka, naomba aniandikie kabla ya Desemba. Nauli ya kuifuata ninayo.